Siku ya mbio za magari iwe pia siku ya darasa

KILA mara mashindano ya Safari Rally yanapomalizika kule Naivasha, polisi wa trafiki hubakiwa na kibarua kingine: kuwazuia mashabiki wasigeuze barabara ya kurudi Nairobi kuwa awamu ya mwisho ya mashindano. Kijana ametazama magari yakitimua vumbi kwa siku tatu, ameingia katika gari la babake, na sasa anataka kila mtu aliye kwenye foleni ya Mai Mahiu ajue kwamba naye ana kipaji. Tangu mashindano hayo yarudi katika ratiba ya dunia mwaka wa 2021, onyo hilo limekuwa wimbo.

Sisi wa Kakamega tuko mbali na Naivasha, lakini ugonjwa ni ule ule. Simama jioni kando ya barabara iendayo Webuye, mahali popote kati ya mjini na Malava, uhesabu magari madogo yanayolipita trela la miwa kwenye kona. Trela lenyewe halina taa ya nyuma. Mwenye gari anayelipita haoni yanayokuja mbele. Mwendesha bodaboda naye, akiwa amebeba abiria wawili na debe la mafuta, anapenya katikati yao wote kama mtu aliyeahidiwa maisha mawili.

Ndiyo maana swali ambalo wanafunzi wa vyuo vya hapa mjini wamekuwa wakiniuliza si la kipuuzi hata kidogo. Wanasema hivi: mbona tusiwe na siku moja katika mwaka ambapo vijana watachoma petroli yao katika uwanja uliofungwa, mbio ziwepo, na papo hapo wale ambao bado wanajifunza udereva wafundishwe mambo ambayo shule za udereva haziyagusi? Wapenda mbio wapate mbio zao, wanafunzi wapate darasa lao, na barabara ya Malava ipumzike.

Jawabu langu ni kwamba jambo hilo linawezekana. Linafanyika kwingineko duniani kila wikendi. Lakini wengi wanaolipigia debe hufikiria kwamba kizuizi ni uwanja au magari. Sivyo. Kizuizi ni saa na watu. Nani atakuwa wapi, saa ngapi, na nani atamshika zamu akienda kula? Hapo ndipo mipango mingi mizuri hufia.

Jibu la binamu

Kabla ya kufika huko, ni vyema msomaji ajue kwa nini Kenya, nchi iliyopata sifa duniani kote kwa mbio za magari, haina hata uwanja mmoja wa lami wa magari unaotambuliwa katika viwango vya kimataifa.

Miaka ya hamsini mwanzoni kulikuwa na uwanja wa mbio za mzunguko wa Langa Langa, huko Bonde la Ufa. Bwana mmoja aliyeitwa Eric Cecil alimtaka binamuye, Neil Vincent, ashiriki. Vincent alikataa. Alisema haoni raha yoyote katika kuzunguka kipande kile kile cha barabara kama ng'ombe wa kukamua mafuta (huo mfano wa ng'ombe ni wangu), lakini kama angetengenezewa safari ya kukata nusu ya Afrika na kurudi, angekuwa wa kwanza kujiandikisha. Kutokana na jibu hilo la kiburi ndipo yakazaliwa mashindano ya mwaka wa 1953, yaliyopewa jina la kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Madereva walizunguka Ziwa Victoria kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, wakiwa na magari ya kawaida kabisa ya kwenda sokoni.

Tukapata Safari. Tukapata akina Joginder Singh, fundi wa magari mzaliwa wa Kericho aliyeshinda mwaka wa 1965 kwa gari aina ya Volvo lililokwisha kutumika, kisha akarudia mwaka wa 1974 na 1976. Tukampata Shekhar Mehta aliyeshinda mara tano. Lakini hatukupata utamaduni wa uwanja, na uwanja ndio mahali ambapo mtu anaweza kukosea kona ile ile mara kumi mbele ya mwalimu, bila kumgonga mama wa watu anayetoka sokoni. Mbio za kwenda mbali humtaka dereva awe tayari amefundishwa. Mbio za mzunguko zinaweza kumfundisha.

Kinachotukaribia kwa sasa ni mbio fupi za kwenye murram ambazo hufanywa katika viwanja kama vile Jamhuri Park, Nairobi. Gari moja moja hukimbizwa na saa, njia ni fupi, na hata kijana mwenye gari kuukuu anaweza kujaribu. Mbio za namna hiyo zingefaa sana Kakamega. Tuna uwanja wa maonyesho ya kilimo ambao hujaa watu siku chache tu katika mwaka, na tuna udongo usioisha. Mtu atanitajia kiwanja kidogo cha ndege kwa sababu kina lami; basi na ajaribu kuomba kibali, kisha aniandikie baada ya mwaka mmoja.

Dakika ishirini si dakika ishirini

Huko Marekani kuna vilabu ambavyo vimekuwa vikiunganisha mambo haya mawili kwa miaka mingi. Kimojawapo ni NASA. Msomaji asidhani nazungumzia wale wa mwezini. Hiki ni chama cha mbio za magari za ridhaa kilichoanzishwa mwaka wa 1991. Siku moja ya chama hicho huwa na wanafunzi wasiowahi kuingia uwanjani, wanafunzi waliokwisha iva, na wakimbiaji wenyewe wanaotafuta vikombe. Wote hutumia njia moja, ila si kwa wakati mmoja. Kila kundi hupewa takriban dakika 20, likitoka lingine linaingia, na mzunguko unaanza upya.

Wanafunzi wapya hukaa na mwalimu ndani ya gari. Hawaruhusiwi kupitana ila mahali palipotajwa, penye njia iliyonyooka, na tena baada ya aliye mbele kutoa mkono kumwashiria wa nyuma apite. Na jambo ambalo lingewashangaza vijana wetu: katika vipindi vya wanafunzi ni marufuku kupima muda. Hakuna saa wala mshindi. Mara tu unapomwambia mwanafunzi kwamba mwenzake amemaliza mzunguko kwa sekunde mbili pungufu, darasa limekwisha na mbio zimeanza.

Hebu sasa tuufanyie hesabu mpango kama huo hapa kwetu. Tuseme tunaanza saa mbili asubuhi na kumaliza saa kumi na moja jioni. Hizo ni saa tisa. Ondoa saa moja ya chakula, zinabaki nane. Kila saa igawe mara tatu: dakika 20 za wanafunzi wapya, 20 za waliopevuka, 20 za mbio. Kwa karatasi inapendeza. Lakini dakika 20 si dakika 20. Kuna gari litakalozimika kwenye kona na kuvutwa kwa kamba. Kuna mwanafunzi ambaye mkanda wake haukufungika. Ukiondoa muda wa kundi moja kutoka na lingine kuingia, mwenye bahati atapata dakika 15 za kuendesha.

Tukiwa na magari sita ya kufundishia na walimu sita, kila kipindi kitachukua wanafunzi sita. Vipindi ni vinane. Kila mwanafunzi anahitaji angalau viwili, maana katika cha kwanza hutetemeka tu. Sita mara nane ni 48, gawanya kwa mbili. Ni wanafunzi 24 kwa siku nzima.

Ishirini na wanne! Wale waliokuwa wakiota kuleta chuo kizima kwa mabasi na wapunguze ndoto. Afadhali hao 24 wafundishwe sawasawa kuliko 200 wanaozungushwa mara moja kila mmoja kama watoto kwenye bembea ya maonyesho. Wengine waje siku hiyo washike bendera, wajifunze kukagua magari, wasikilize darasa la chini ya mti. Zamu yao ya usukani itafika.

Kuna jambo jingine kuhusu saa ambalo waandaaji hawapendi kulisema hadharani. Ratiba ikichelewa, na itachelewa, ni nani atakayekatwa? Kwa mazoea hukatwa darasa, kwa sababu wakimbiaji wamelipa ada, mdhamini anangojea picha, na mgeni rasmi amekwisha ketishwa. Mimi nasema ikatwe mbio. Mbio za mizunguko minane zikipunguzwa hadi mitano bado zina mshindi, na kombe ni lile lile. Darasa la kufunga breki likipunguzwa nusu halina mwanafunzi. Jambo hili liandikwe mapema katika sheria za siku hiyo, kabla mtu yeyote hajavaa helmeti, kwa sababu saa tisa mchana hakuna atakayekubali.

Mwalimu ambaye pia ni mkimbiaji

Hapa ndipo penye kidonda. Walimu wa siku kama hiyo watatoka wapi? Wanaojua gari linavyofanya likifika ukingoni ni wakimbiaji wenyewe. Na wakimbiaji hao hao wamekuja kukimbia. Tazama ratiba yetu ya saa moja: dakika 20 za kwanza mwalimu yuko na mwanafunzi, dakika 20 za katikati anakimbilia gari lake, anapima upepo wa magurudumu, anavaa, na dakika 20 za mwisho yuko katika mbio. Kisha anarudi moja kwa moja kwa mwanafunzi mwingine, jasho likimtiririka, pengine akiwa na hasira kwa sababu jamaa fulani alimzibia njia. Mara nane kwa siku. Mtu huyo kufika alasiri si mwalimu tena. Ni hatari iliyokaa kwenye kiti cha kushoto.

Dawa ni kuweka kikomo. Mwalimu anayekimbia asifundishe zaidi ya vipindi vinne kati ya vinane, na asipewe mwanafunzi katika kipindi kinachofuata mara tu baada ya mbio zake. Basi ili tuwe na walimu sita ndani ya magari kila wakati tutahitaji si sita bali kumi na wawili. Mwandaaji asiyekuwa nao apunguze magari ya kufundishia. Asimwombe mtu mmoja afanye kazi ya wawili kwa sababu ni rafiki yake.

Isitoshe, kukimbia na kufundisha ni vipaji viwili tofauti. Huko ng'ambo, vilabu vinavyojiheshimu humfunza mwalimu kwanza jinsi ya kufundisha kabla ya kumkabidhi mtu. Sisi tuna akiba ambayo wao hawana: walimu wa shule za udereva. Wengi wao hawajawahi kuteleza kwa makusudi, lakini wana subira ya kumshinda punda, na magari yao aghalabu huwa na breki ya pili upande wa mwalimu. Mmarekani anayefundisha katika gari la mwanafunzi hana breki hiyo. Ana mdomo wake tu na sala zake. Ningefanya hivi: Ijumaa jioni wakimbiaji na walimu wa shule za udereva wakutane uwanjani, wafundishane. Mmoja aonyeshe gari linavyokamatwa likiteleza, mwingine aonyeshe jinsi ya kumwambia mwoga aongeze mwendo bila kumtukana.

Na wafundishe nini hasa? Si kona za kupendeza. Kitu cha kwanza ni kusimama. Shule zetu za udereva hukufundisha kuelekeza kigari cha kuchezea juu ya ubao uliochorwa mji, kuondoka mlimani bila kurudi nyuma, na kuegesha. Ni mambo ya maana, lakini hakuna anayekutaka uende kilomita 80 kwa saa kisha ukanyage breki kwa nguvu zako zote. Wenye leseni wengi hawajawahi kufanya hivyo hata mara moja, na siku yao ya kwanza itakuwa siku ambayo mtoto amekimbilia mpira.

Ukienda kilomita 50 kwa saa, gari hupita karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka tu, mguu haujafika kwenye breki, mita 14 zimekwenda. Kwenye lami kavu na magurudumu mazuri utahitaji mita nyingine kama 14 ili usimame. Ukiongeza hadi kilomita 100, mtu hudhani umbali utakuwa maradufu. Ule wa kushtuka ndiyo, huwa kama mita 28, lakini ule wa breki huwa mara nne, yaani karibu mita 56. Jumla ni zaidi ya mita 80, karibu urefu wa uwanja wa mpira. Weka viguzo vya plastiki uwanjani, mpe mwanafunzi gari, na mwambie asimame kabla ya kiguzo cha tatu. Atakapokipita na kukiangusha, hutahitaji kumhubiria. Mwongeze maji juu ya murram arudie tena.

Wanaosimama juani

Madereva wana magazeti ya kuwapiga picha. Walio kwenye kona wakishika bendera hawana, ilhali siku yote imo mikononi mwao. Bendera ya manjano humwambia dereva kuna hatari mbele, apunguze mwendo wala asimpite mtu. Nyekundu humwambia kipindi kimesimamishwa. Ya miraba meusi na meupe ni mwisho. Kila kituo lazima kione kile kinachofuata, na kila kituo kiwe na watu wawili: mmoja anatazama magari yanayokuja, mwingine anatazama yaliyokwisha pita. Kwa uwanja mdogo wenye vituo sita hao ni watu 12, na wengine wanne wa kuwapokea zamu ili waende kula na kujisaidia. Kumi na sita kabla hatujamhesabu mwanzishaji wa mbio, wapima saa, wakaguzi wa magari na wa langoni.

Wanafunzi wa chuo kikuu cha Masinde Muliro na vyuo vingine wangeweza kuifanya kazi hii, na kuifanya vizuri. Lakini wafunzwe siku moja kabla, wapewe kofia, maji na chakula cha mchana kwa wakati. Mtu mwenye njaa haangalii magari, anaangalia moshi wa jikoni. Na asiyehudhuria kikao cha asubuhi, awe dereva au mshika bendera, asiingie uwanjani, hata akiwa mtoto wa mkubwa.

Ambulensi ndiyo saa halisi ya siku hiyo. Ikiwa ni moja na imempeleka mtu hospitali kuu ya Kakamega, hakuna gari litakalotembea hadi irudi. Wakimbiaji watanung'unika. Waache wanung'unike. Mwenye fedha za kutosha alete ambulensi mbili, na hapo atakuwa amenunua muda kuliko aliyeongeza saa katika ratiba.

Kuhusu watazamaji, nina wasiwasi na sisi wenyewe. Watu wa Isukha na Idakho wamelelewa na mchezo wa ng'ombe wa kupigana, ambapo mtazamaji hukimbia pamoja na fahali, akiwa na filimbi na tawi la mti, na kuruka kando pembe zinapogeuka. Ni utamu usio na kifani, na baadhi yetu tuna makovu ya ushahidi. Gari halina macho ya fahali. Mwaka wa 1986 nchini Ureno, mashabiki waliojaa hadi barabarani waligongwa na gari la mashindano lililomshinda dereva, na watatu wakafa. Mwaka uliofuata magari ya daraja lile la kasi mno yalikuwa yamepigwa marufuku katika mashindano ya dunia. Basi kamba peke yake haitoshi. Watazamaji wakae mahali palipoinuka, mbali na upande wa nje wa kona, na mbio zisimame kila anapoonekana mtu amevuka.

Tusiwasahau wa magurudumu mawili

Ukweli ni kwamba vijana wengi wa Kakamega hawana gari na hawatakuwa nalo hivi karibuni. Wana pikipiki, au wanaiendesha ya mtu kwa hesabu ya jioni. Wengi walifundishwa na binamu katika uwanja wa shule kwa siku mbili, na ya tatu wakawa wamebeba abiria. Kati ya mwaka wa 2021 na 2024, takwimu za NTSA zilionyesha zaidi ya watu 4,000 wakifa barabarani nchini kila mwaka, na waendeshaji pikipiki walikuwa miongoni mwa waliouawa kwa wingi zaidi. Siku ya darasa isiyo na pikipiki ni siku ya matajiri.

Lakini pikipiki na gari visiwe uwanjani wakati mmoja, hata kwa mwendo wa kobe. Nao wapewe kipindi chao, ikibidi kundi la waliopevuka la magari lipunguziwe vipindi viwili. Mwalimu hawezi kukaa nyuma ya pikipiki akifundisha. Atasimama kando na kuwaita mmoja mmoja. Breki ya mbele, ambayo wengi huiogopa kama nyoka, ndiyo iwe somo la kwanza.

Siku gani sasa?

Hapa mgeni kutoka Nairobi atacheka, lakini hili ndilo swali gumu kuliko yote. Jumamosi ni siku ya mazishi. Mahema yote yamekodishwa, viti vimekwenda Butere, vipaza sauti viko Lurambi, na nusu ya wasaidizi wako wana mjomba wa kuzikwa. Ambulensi yenyewe huenda imebeba jeneza. Jumapili ni kanisa hadi saa saba, na saa nane mvua ya Kakamega, ambayo haihitaji kutambulishwa, imekwisha anza kunguruma upande wa msituni.

Ningechagua Jumamosi ya Januari, kabla mvua ndefu hazijakaribia, na mahema yalipiwe tangu Novemba. Desemba inavutia kwa kuwa wanafunzi wako nyumbani, lakini nyumbani huko kuna harusi, na tarehe 26 wenzetu wa Vihiga wana tamasha lao la Maragoli. Hutapata polisi wala hema. Na popote itakapoangukia, wanafunzi wapya wawekwe asubuhi, wakati udongo ni mkavu na walimu hawajachoka. Wakimbiaji ndio wabaki na tope la alasiri. Walisema wanapenda Safari.

Mzazi ambaye mwanawe ataleta karatasi ya kutia sahihi aulize mambo machache kabla ya kutoa kalamu. Je, waandaaji wana kibali cha shirikisho la michezo ya magari, KMSF, na je, wameandikia polisi? Bima inamhusu nani: mkimbiaji peke yake, au pia mwanafunzi na mshika bendera? Nani amekagua gari, na ndani yake kuna jeki au chupa inayobingirika hadi chini ya breki? Mwalimu wa mtoto huyu ana mbio ngapi siku hiyo?

Kisha aombe aonyeshwe ratiba ya watu, si ile ya magari iliyobandikwa ukutani. Ile ambayo kila kituo kina majina mawili na jina la wa kuwapokea. Atafute kona ya mbali kabisa na hema la wageni, aangalie saa nane mchana, wakati wa usingizi na ugali, aone kama pale pameandikwa jina la mtu. Pakiwa patupu, asubiri mwaka ujao.